Kijani Kilichofichwa

Mtu asiyeijua kazi yetu akisikia kwamba ndege inakuja na taa ya kijani, hufurahi. Hudhani kijani ni ruhusa, kama kule barabarani. Nimewaeleza wageni mpaka nimechoka. Kwetu kijani maana yake ndege imepungukiwa mwendo, bawa linakaribia kuchoka kuibeba. Nyekundu maana yake inakuja mbio kupita kiasi. Ile ya katikati, njano, ndiyo tunayoipenda: mwendo ni sawasawa, njoo ukae.

Siku hiyo, saa tisa na robo alasiri, nilisimama ukingoni mwa kiwanja cha Lihangwe, darubini machoni na redio begani, namsubiri Kapteni Desideri Kihwele. Alikuwa anawaleta walimu tisa waliotoka kusahihisha mitihani mjini. Tangu mlima ulipoimeza barabara ya chini, miaka kumi na minne iliyopita, watu wa safu zetu husafiri kwa ndege ndogo za betri kama wenzao wanavyosafiri kwa basi, na viwanja vimechongwa popote palipopatikana mita mia nne au tano za kutua. Kazi yangu ni kuzipokea. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa vyombo vya ndani ya ndege, tena fundi mwenye jina, na ningebaki huko kama nisingeomba mwenyewe kuja kusimama kwenye upepo huu. Sababu nitaisema.

Lihangwe si kiwanja cha kubembeleza. Upande mmoja kuna ukingo unaokatika ghafla kuingia korongoni, upande wa pili kuna ukuta wa mwamba. Ndege huingia kutokea korongoni, hugusa chini, hupanda mwinuko na kusimama mbele ya mwamba. Kilomita moja kabla ya ukingo tumelipaka chokaa jiwe kubwa. Rubani ambaye hajalipita anaweza bado kugeuza na kuondoka. Akishalipita, korongo linambana kushoto na kulia, na hapo ni kutua tu, vizuri au vibaya.

"Lihangwe, Lihangwe," redio iliita. "Huyu ni Ishirini na Saba. Nimeuona mwamba. Yule Mngoni yupo, au babu zake wamemwita wakimbie wote?"

"Yupo," nikajibu. "Anamalizia kufunga mbwa wa kijiji, maana amesikia kuna Mhehe anakuja na njaa."

Nikasikia walimu wakicheka nyuma yake. Mimi ni Mngoni wa Peramiho, yeye Mhehe wa Kalenga, na kati ya makabila yetu kuna utani wa tangu vita vya mababu. Mtani hakasiriki, mtani haombwi radhi, na hakuna pahali pazito kiasi cha kumzuia. Baba yake Desideri alipofariki nilisafiri mpaka kwao, nikajilaza mlangoni, nikazuia jeneza lisitoke mpaka nipewe jogoo. Nilipewa. Desideri alicheka siku hiyo huku machozi yanamtoka, na ndiyo kazi ya mtani msibani.

"Nipunguzie leo, mtani," alisema. "Kichwa kinagonga. Homa ya juzi haijaniachia vizuri, mikono yenyewe inacheza ngoma."

"Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa. Walimu wanataka kwao, mimi ni nani niwakatalie?"

Nikainua darubini. Chini ya ndege, kwenye mguu wa gurudumu la pua, kuna taa ndogo yenye rangi zilezile tatu anazoziona rubani mbele ya macho yake. Imewekwa kwa ajili ya mtu kama mimi, aliye chini, aone hali ya ndege bila kuuliza. Ilikuwa njano. Nikahesabu moja, mbili, tatu, kama mazoea yangu. Ikageuka kijani, na haikurudi.

* * *

"Mhehe, ongeza nguvu. Unakuja kijani."

"Kijani cha nani? Hapa njano imetulia kama kiini cha yai."

"Nakwambia kijani. Ongeza, au geuza uzunguke kabla ya jiwe."

Desideri akacheka, kicheko cha mgonjwa, chenye kikohozi ndani yake. "Kama ile ya mwezi uliopita? Ng'ombe wako wamekatiza tena?"

Nikafumba macho. Mwezi uliopita, siku ya jua zuri na ndege tupu, nilimwambia azunguke kwa sababu kuna ng'ombe uwanjani. Alizunguka. Ng'ombe hawakuwepo. Tulicheka wiki nzima, na marubani wengine walinipongeza kwenye redio kwa kumweza Mhehe. Sasa namwambia azunguke na yeye anasubiri mahali pa kucheka.

"Leo sizunguki, mtani," akaendelea. "Upepo umenila betri njia nzima. Zimebaki nukta mbili."

Alikuwa kilomita sita kutoka ukingoni. Kwa mwendo ule, angelifikia jiwe baada ya dakika mbili na nusu.

Nilijua kilichotokea. Nilijua kama mama anavyojua sauti ya mwanawe katika kundi la watoto, kwa sababu mwongo yule nilimzaa mimi.

Kwenye milima hii rubani haangalii sana saa ya mwendo. Mwendo ulio salama hubadilika kwa uzito wa abiria na wepesi wa hewa. Ulioutosha mzigo wa asubuhi unaweza kukuua alasiri. Kijiti kidogo ubavuni mwa ndege hupima jinsi hewa inavyolipiga bawa, na kijiti hicho ndicho kinachowasha taa. Taa haijali uzito. Ndiyo maana marubani wetu walizoea kuiamini kuliko macho yao, na ndiyo maana ilikuwa inawaua.

Nawaza mpaka leo juu ya kijana mmoja, Mbano, wa kwetu Songea. Alikuja Lihangwe siku ya upepo, kijani kikapepesa mara moja tu, upungufu mdogo ambao angeweza kuupuuza. Akashtuka. Akasukuma pua chini apate mwendo, nyekundu ikawaka, akavuta, kijani, akasukuma tena. Huko tulikuwa tunakuita kufukuza taa. Aliifukuza mpaka kwenye ukingo. Nilishuka korongoni na kamba kiunoni kumtafuta, na sitaeleza nilichokikuta.

Mwaka huo tuliwazika watu thelathini na wanane katika viwanja vyetu vyote, wengi wao kwa kufukuza taa. Mimi nikakaa mezani nikatengeneza Kitulizo. Ni kisahani kidogo kati ya kijiti cha hewa na taa za rubani. Kinasoma mikono inavyoshika usukani na macho yanavyotanuka. Rubani akitulia, kinapitisha ukweli wote. Rubani akianza kuogopa, kinamfichia kijani kidogo na kuacha njano iendelee kuwaka, ili asishtuke, na mikono iliyotulia irudishe mwendo yenyewe. Nyekundu sikuigusa. Mwanzo kilificha upungufu wa kilomita tano kwa saa, basi. Hakuna bawa linaloanguka kwa kilomita tano.

Kilifanya kazi vizuri mno. Mwaka wa pili tulizika saba, wa tatu wanne. Takwimu zikanilevya, nasema kweli, nikaongeza mpaka kilomita kumi na tano. Marubani tuliwaambia taa zimeboreshwa. Waliojua walikuwa wawili, mimi na Mhandisi Rwegoshora, mkuu wangu. Taa ya gurudumuni niliiacha iseme kweli kwa mtu wa chini, halafu nikaanza kukosa usingizi kwa kuwaza mtu huyo wa chini ni nani, na ndipo nilipoomba kuja Lihangwe kuwa yeye.

Kitu ambacho sikukifikiria ni homa. Mikono ya Desideri ilikuwa inatetemeka kwa malaria, macho yametanuka kwa dawa. Kitulizo kilimwona mtu aliyekufa kwa hofu, nacho kikamfichia kadiri kilivyoruhusiwa.

* * *

Simu ya kiunoni ikaita. Mhandisi Rwegoshora husikiliza redio zetu akiwa ofisini Mbeya, na alikuwa ameelewa haraka kama mimi.

"Mama Nditi, usiseme."

"Mhandisi, ana watu tisa."

"Mwite azunguke, mtukane, fanya lolote. Lakini Kitulizo usikitaje. Hiyo redio ni ya wote. Kuna ndege kumi na moja hewani sasa hivi. Mbili zinashuka. Ukisema taa zinadanganya, unadhani watafanya nini na mikono yao?"

"Anadhani natania."

"Anaweza kupona na upungufu wa kumi na tano."

"Na upepo huu wa korongoni?"

Rwegoshora si mtu mbaya. Alikuwa nami kwenye mazishi ya Mbano, alibeba jeneza mbele yangu. "Labda wafe kumi," alisema taratibu. "Labda. Ukisema, tunarudi thelathini na wanane, kila mwaka. Wewe ndiye uliyenionyesha hesabu hiyo."

Ni kweli, nilimwonyesha mimi, kwenye karatasi, kwa kalamu ya rangi mbili. Ilikuwa rahisi kuionyesha kwa sababu thelathini na wanane hawakuwa wanakohoa redioni.

Nikajaribu mara ya mwisho kupita njia ya pembeni. Nikasimama wima kama askari, nikabadili sauti.

"Kapteni Kihwele, hapa ni mpokea ndege wa Lihangwe. Nakuamuru uongeze nguvu."

"Eh, mtani leo amevaa tai," alisema Desideri, na walimu wakacheka tena. "Sawa, bibi mkubwa. Nitaongeza nikifika kwako, nikuchukue utumwani."

Taa ya gurudumuni iliwaka kijani kibichi. Mbele yake nililiona jiwe jeupe likimsogelea, na pua ya ndege imeinuka zaidi ya inavyopasa. Nikaitazama ile simu. Nikaikata, nikabonyeza kitufe cha redio.

"Desideri."

Miaka tisa sikuwahi kumwita kwa jina.

"Desideri, naomba unisamehe. Taa yako inakudanganya. Kuna chombo kinasoma mikono yako. Kimeona inatetemeka, kinafikiri unaogopa, kinakufichia kijani. Nilikitengeneza mimi. Kimo kwenye ndege zote, na tumewaficha miaka sita. Nisamehe, ndugu yangu. Umepungukiwa kilomita kumi na tano. Funika taa kwa kiganja, ongeza nguvu, unisikilize mimi."

Sikusikia walimu wakicheka. Mtani anaweza kukuambia nyumba yako inaungua, anaweza kukuambia mama yako amekufa, nawe ukasubiri kicheko. Lakini mtani hasemi nisamehe. Neno hilo hatunalo kati yetu, na Desideri alilisikia mara mbili.

Jiwe likampita.

Ndipo niliposikia mapangaboi yakibadili sauti, kutoka kwenye mvumo kwenda kwenye mlio wa kuchana hewa. "Nimefunika," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Sema."

"Bado kijani. Ongeza. Usisukume pua, nguvu tu."

"Nguvu tu."

"Bado kijani. Bado."

Alikuwa mita mia nne kutoka ukingoni na chini ya usawa wangu. Nilikuwa naiona ndege kwa juu, jambo ambalo mpokea ndege hapaswi kuliona. "Bado. Ongeza yote, Desideri, acha betri ife. Kijani. Kijani. Njano. Ni njano, ishike hapohapo."

Ndege ilipanda juu ya ukingo kama mtu anayejivuta kwa viwiko. Gurudumu la kulia liligonga mawe ya mwisho, tairi likapasuka, ikaserereka ubavu ubavu kupanda mwinuko ikitimua vumbi, ikasimama imeutazama mwamba kwa umbali wa nyumba moja. Mlango ukafunguka. Nikawahesabu wakishuka, tisa, mmoja amekumbatia mfuko wa vitabu kifuani kama mtoto mchanga.

"Lihangwe," alisema Desideri. "Tumekaa."

Nikakaa kwenye majani. Nilifurahi, sitaki kusema uongo.

* * *

Furaha hiyo haikumaliza dakika.

"Lihangwe, huyu ni Kumi na Nne," redio ilisema. Sauti ya mzee Nyenza, rubani wa miaka mingi. "Nimesikia. Na taa yangu?"

"Lihangwe, Arobaini. Nimebeba wagonjwa. Mama Nditi, na yangu mimi?"

"Miaka sita?" akauliza mwingine ambaye hakujitaja.

Niliinua mkono kubonyeza kitufe. Halafu ikaingia sauti ya haraka, ya juu kidogo.

"Mama, huyu ni Thelathini na Mbili, Merina Chaula. Ninatua Mavala. Nimeshapita jiwe la huku. Njano inawaka. Niiamini?"

Merina alikuwa na mwaka mmoja kazini. Mavala iko kilomita themanini kutoka kwangu, kiwanja cha mita mia nne na ishirini, na mwisho wake si mwamba bali bonde. Ukija na mwendo pungufu unaupiga ukingo, ukizidisha unapitiliza upande wa pili. Mpokea ndege wa Mavala alistaafu miaka mitatu nyuma. Hatukuweka mwingine, kwa sababu taa zilikuwa zinatosha.

Simwoni. Sina darubini ya kumfikia. Kilichobaki ni kujua Kitulizo kinamficha kiasi gani, na Kitulizo hakina siri kwangu. Kinaficha kadiri ya hofu.

"Merina, unaogopa?"

Nilijua namwomba nini. Marubani wetu hawasemi hivyo redioni. Bawa likivunjika nusu, watasema kuna upepo kidogo. Nimewahi kumsikia mtu akiungua huku anaripoti joto. Na marubani kumi walikuwa wanasikiliza.

"Merina. Siwezi kukusaidia usiponiambia kweli. Unaogopa?"

"Naogopa, mama."

"Kiasi gani? Nieleze mwili."

"Mdomo umekauka. Mguu wa kushoto unatetemeka, siwezi kuuzuia. Mikono bado."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipomwambia Kapteni Kihwele."

Rwegoshora alikuwa ameniambia, na mimi nilikuwa nimejua kabla yake. Nikalimeza hilo, maana halikuwa na faida yoyote kwa Merina wakati ule.

"Sikiliza. Mguu ukifika huko, macho yameshatanuka. Bila mikono, kinakuficha kama kilomita nane. Ongeza nane. Zisizidi nane. Pua iache ilivyo."

"Nane." Nikasikia pumzi yake. "Nimeongeza nane. Njano bado ileile. Mama, haijabadilika kitu, nitajuaje?"

"Hutajua kwa taa."

"Mikono imeanza."

Nilifungua mdomo, nikasikia redio ikinitangulia. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya karibu sana. Nikageuka, nikamwona Desideri bado amekaa ndani ya ndege yake mbele ya mwamba, mlango wazi, kichwa kimeegemea kioo.

"Merina, huyu ni Kihwele. Mimi nimejitapikia mbele ya walimu wa watoto wangu. Mwambie Mngoni mikono inavyotetemeka, usimfiche. Halafu tua."

"Inatetemeka vidole," Merina alisema. "Si mkono mzima."

"Basi ongeza mbili nyingine," nikasema. "Jumla kumi. Ishike hapo, utazame ukingo, taa iache."

"Kumi. Nauona ukingo."

Niliitazama saa yangu, nikaona sekunde ishirini, thelathini, arobaini. Walimu walikuwa wamekuja kusimama karibu nami. Simu ya kiunoni iliita, ikaacha, ikaita tena.

"Mavala," alisema Merina. Alikuwa analia waziwazi, bila kuficha. "Nimekaa. Gurudumu la pua liko kwenye majani ya mwisho, ila nimekaa."

Hakuna aliyeshangilia. Walibaki tisa hewani, na kila mmoja alikuwa na njano inayowaka mbele yake na hana la kufanya nayo. Upepo ulikuwa unaongezeka. Nilisimama, nikampa mwalimu mmoja kalamu na karatasi aandike namba za ndege, nikasubiri. Nani angeanza, sikujua. Nilijua tu kwamba wasiponiambia, nitawaua mimi.

Redio ikakwaruza.

"Lihangwe, Kumi na Nne." Mzee Nyenza alikohoa. Miaka thelathini na moja hewani, sijapata kumsikia akitafuta neno. "Kwa upande wangu huku... naogopa kidogo."

"Kumi na Nne," nikamwuliza, "kidogo ni kiasi gani?"